Aliyekatwa utumbo apewe chumvi yake

"Kunywa maji mengi." Ni ushauri ambao haujawahi kumgharimu mtu anayeutoa. Nesi huusema anapomkabidhi mgonjwa karatasi za kuruhusiwa, shemeji huurudia ndani ya basi, na jirani aliyekuja kutoa pole huumalizia kwa kusogeza jagi. Kwa mwenye utumbo mzima hauna ubaya: maji yakizidi, figo zitayatoa. Lakini kwa mtu aliyetoka kukatwa utumbo, hasa yule ambaye daktari amelazimika kuitoa nje ncha ya utumbo wake mwembamba ili kinyesi kipitie kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, ushauri huohuo unaweza kumkausha. Atakunywa, na kadiri anavyokunywa mfuko utajaa. Kiu itazidi, naye atakunywa tena, na baada ya siku chache atarudishwa hospitali macho yameingia ndani, misuli ya miguu inakaza, mkojo ni wa kuhesabu matone. Kinachomwishia kwanza mtu huyu ni chumvi. Maji yanaondoka kwa kuifuata. Utumbo uliobaki una uwezo wa kujifunza kuishika chumvi hiyo, ila hujifunza taratibu na kwa masharti, na katika wiki hizo za kujifunza anahitaji kupewa chumvi kwa kipimo, kama anavyopewa dawa. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa, nikijua kwamba inakwenda kinyume na mabango yaliyobandikwa kwenye kuta za zahanati zetu.

Wagonjwa wa namna hii hawako katika Hospitali ya Muhimbili peke yake. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, tumbo hupasuliwa kwa sababu zilezile zinazojaza meza za upasuaji kote Afrika Mashariki: ngiri iliyobana utumbo hadi ukafa, utumbo mpana uliojisokota, utumbo wa mtoto uliojichomeka ndani ya mwenzake, kifua kikuu cha tumbo, kisu, pikipiki, na homa ya matumbo, yaani taifodi, iliyotoboa utumbo. Hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bakteria wa taifodi wana mahali wanapopapenda, napo ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, karibu na unapoungana na ule mpana. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi, wengi wao watoto na vijana. Karibu mmoja kati ya kila wanne alifariki. Daktari anapofungua tumbo la mgonjwa wa aina hiyo na kukuta uchafu umetapakaa na kuta za utumbo zimevimba, mara nyingine haoni busara kuunganisha ncha mbili ambazo zinaweza kuachia baada ya siku nne. Hukata kilichooza, akaitoa ncha ya juu nje ya ngozi, akasubiri. Wanaotumia lugha ya wodini huiita ileostomi. Mkulima wa korosho au ufuta anaweza kufanyiwa hivyo katika hospitali ya wilaya, katika hospitali ya misheni ya Mnero au Ndanda, au akapelekwa Sokoine mjini Lindi au Ligula mjini Mtwara. Popote atakapopasuliwa, kuuguzwa kwenyewe hufanyika kijijini, mbali na aliyemkata.

Ili kuona kwa nini chumvi ndiyo kiini cha jambo, lazima tuhesabu. Mtu mzima hunywa lita 2 hivi kwa siku, lakini utumbo wake hupokea lita 8 au 9. Zilizosalia hutoka mwilini mwake mwenyewe: mate, majimaji ya mfuko wa chakula, nyongo, majimaji ya kongosho, na yale yanayotolewa na ukuta wa utumbo wenyewe. Mwili humwaga ndani karibu lita 7 za majimaji yenye chumvi kila siku ili chakula kisagike, kisha hutumia siku nzima kuyarudisha. Yanapofika mwisho wa utumbo mwembamba yamebaki lita moja au moja na nusu. Utumbo mpana huyapunguza mpaka mililita 100 au 200, ambazo ndizo unyevu wa choo cha kawaida. Sasa, katika ukuta wote huo wa utumbo hakuna pampu ya maji. Kilichopo ni pampu ya sodiamu, yaani ile nusu ya chumvi inayobeba kazi. Seli huvuta sodiamu ndani, na maji hufuata. Penye chumvi iliyoshikwa pana maji yaliyoshikwa. Ikipotea, hata ukimimina pipa zima kinywani, maji yatapita yakienda zake.

Na si utumbo wote unaoshika chumvi kwa nguvu ileile. Sehemu ya juu ya utumbo mwembamba imesukwa kama tenga: nafasi kati ya seli na seli ni wazi kiasi kwamba chumvi na maji hupita huku na huku kufuata upande uliopungukiwa. Sehemu ya mwisho ina msuko wa karibu zaidi. Utumbo mpana ni chungu kilichochomwa vizuri. Unaweza kunyonya sodiamu mpaka choo kikabaki hakina karibu chochote, na hiyo iliyonyonywa haivuji kurudi. Kwa hiyo aliyekatwa kipande cha utumbo mpana na kuunganishwa hapohapo hana shida kubwa ninayoizungumzia, maana kilichobaki hufidia. Mwenye shida ni yule ambaye utumbo wake mpana umewekwa kando ya njia, na zaidi yake, yule aliyepoteza pia kipande kirefu cha mwisho wa utumbo mwembamba. Huyo amebaki na tenga.

Turudi kwenye lile jagi. Mgonjwa mwenye tenga anakunywa nusu lita ya maji ya kisima yasiyo na chumvi. Yanapofika katika sehemu ya juu ya utumbo, upande mmoja wa ukuta kuna maji matupu, upande wa pili kuna damu yenye sodiamu ya milimoli 140 kwa lita. Chumvi haivumilii tofauti hiyo. Inavuja kutoka kwenye damu kuingia ndani ya utumbo mpaka majimaji yale yafikie milimoli 90 au 100 kwa lita. Mtu mwenye utumbo mzima haoni hasara, kwa sababu chumvi hiyo iliyovuja itaokotwa tena mbele ya safari. Lakini njia ya huyu imekatizwa kabla ya mbele ya safari. Maji aliyokunywa yanatokea kwenye mfuko yakiwa yamebeba chumvi aliyokuwa nayo mwilini. Kila lita inayoingia kwenye mfuko huo huwa na chumvi ya gramu 6 hivi, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji, lita moja na nusu si ajabu. Hiyo ni gramu 9 za chumvi kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5.

Mwili haukai ukitazama. Shinikizo ndani ya mishipa ya figo likipungua, kengele hulia, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni iitwayo aldosteroni, ambayo Sylvia Simpson na James Tait waliitenga mwaka 1953 wakifanya kazi London pamoja na wakemia wa Basel. Homoni hii ni bahili wa chumvi. Huamuru figo zizuie sodiamu mpaka mkojo ubaki karibu bila chumvi. Huamuru tezi za jasho na za mate nazo zibane. Na katika utumbo mpana hufungua vijilango vinavyopitisha sodiamu peke yake. Jambo la ajabu lilionekana pale watafiti wa Japani walipowaondoa panya utumbo mpana na kuchunguza kilichobaki. Katika taarifa yao ya mwaka 1999 walieleza kwamba mwisho wa utumbo mwembamba wa panya hao ulianza kutengeneza vijilango vilevile vya sodiamu ambavyo kwa kawaida ni mali ya utumbo mpana. Jirani aliyebaki alirithi kazi ya marehemu. Kwa binadamu hatuna ruhusa ya kuchungulia kwa namna hiyo, ila dalili zipo: aliyepungukiwa chumvi, majimaji ya mfuko wake huonyesha sodiamu ikishuka na potasiamu ikipanda, alama ya kidole cha aldosteroni. Na mfuko wenyewe unasema. Ule uliokuwa ukijaa lita moja na nusu huteremka, kwa wengi, hadi mililita 500 au 700 kwa siku ndani ya wiki sita au nane, na kinachotoka huwa kizito kama uji.

Hapa pana jambo ambalo watu wa Nachingwea wanaweza kulielewa upesi kuliko wengine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wake mkubwa wa karanga. Karanga hazikuja kwa wingi uliotarajiwa, mabehewa yalitembea matupu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Utumbo nao huendeshwa na mzigo. Vile vijidole vidogo vilivyojipanga ndani ya ukuta wake, ambavyo kazi yao ni kunyonya, hurefuka na kuongezeka chakula kinapopita, na husinyaa visipopitiwa na kitu. Chakula kinapogusa mwisho wa utumbo mwembamba, seli za hapo hutoa homoni inayouambia ukuta mzima ukue. Aliyepoteza sehemu hiyo amepoteza na mpiga mbiu. Kampuni za dawa zimetengeneza nakala ya homoni hiyo, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2012, nayo ni miongoni mwa dawa ghali mno duniani, kwa hiyo tuiache huko iliko. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni mzigo wenyewe: kula mapema, kula mara nyingi kwa kiasi kidogo, na kutomfungia mgonjwa chakula kwa hofu kwamba mfuko utajaa. Desturi ya kumweka aliyepasuliwa tumbo kwa chai ya rangi na maji wiki nzima inafanana na kuweka reli bila behewa.

Atatokea mtu aseme: kama mwili una homoni bahili, figo zinazobana na utumbo unaorithi kazi, kwa nini tuuingilie? Tuuache ufanye kazi yake. Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye hesabu. Figo zinaweza kuzuia chumvi isitoke kwenye mkojo, lakini haziwezi kurudisha iliyokwisha kuingia kwenye mfuko. Hata mgonjwa aliyezoea kabisa, anayetoa mililita 600 kwa siku, anapoteza karibu gramu 4 za chumvi kila siku kwa njia ambayo mwenzake mwenye utumbo mzima hapotezi hata nusu gramu. Anaishi, lakini anaishi bila akiba. Mwaka 1967 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti juu ya watu waliokwisha kuishi na ileostomi, ambao hali yao ilihesabiwa kuwa imetulia, na ikaonekana walikuwa na upungufu wa kudumu wa maji na sodiamu. Upungufu kama huo humchosha mtu. Uchovu wa namna hiyo ni rahisi kuuita uvivu wa mtu aliyezoea kuuguzwa.

Ubahili wa aldosteroni nao una bei. Kila inapookoa sodiamu hutupa potasiamu, madini yanayoshikilia mapigo ya moyo na nguvu ya misuli. Ndiyo maana mgonjwa aliyekaushwa hukutwa potasiamu iko chini, na daktari mwenye haraka humwandikia potasiamu, ikapanda leo na kushuka kesho. Ukimrudishia chumvi na maji yake, kengele inanyamaza, homoni inapungua, na potasiamu mara nyingi hukaa yenyewe. Kuuachia mwili peke yake kazi hii ni kumwachia mlinzi anayezuia wizi wa mlango wa mbele kwa kubomoa ukuta wa nyuma.

Tena yapo majira. Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kuanzia Mei kunakauka, na ifikapo Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka na kila mkono wenye nguvu unahitajika shambani, jua ni kali. Anayeokota korosho kutwa hutoa jasho kwa lita, na jasho lina chumvi. Mwenye utumbo mzima hula ugali na samaki mkavu jioni, hesabu ikawa sawa. Mwenye mfuko ubavuni anafunguliwa mabomba mawili kwa wakati mmoja. Kuna kejeli ndani yake: jua hilohilo, katika miezi hiyohiyo, ndilo linalokausha maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi ya mwambao wa Lindi, na chumvi hiyo hupandishwa bara na kuuzwa kwa bei ambayo hakuna anayeilalamikia. Dawa iko dukani. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuitumia.

Ruhusa hiyo inazuiwa na pingamizi zito kuliko yote, la shinikizo la damu. Tumewaambia watu miaka mingi wapunguze chumvi, na tulikuwa sahihi. Presha inaua, na chumvi nyingi kwa mtu mwenye figo na utumbo mzima huongeza presha. Je, sasa tuseme kinyume? Hapana, tuseme kwamba kipimo cha chumvi hakiko kwenye kijiko, kiko kwenye tofauti kati ya kinachoingia na kinachobaki. Anayekula gramu 10 na kupoteza gramu 7 tumboni amebakiwa na gramu 3, pungufu ya wanaofuata ushauri wa kitaalamu. Mgonjwa wa ileostomi aliyekaushwa hana presha ya kupanda. Ana ile ya kushuka, inayomfanya aone giza anapoinuka kitandani. Ninakubali kwamba wapo wachache ambao hoja hii haiwahusu moja kwa moja: mwenye moyo ulioshindwa, mwenye figo mbovu, mzee mwenye presha ya muda mrefu ambaye mfuko wake haujai. Hao wanahitaji daktari anayepima na kukata shauri mtu kwa mtu. Lakini kuwepo kwao si sababu ya kumpa kijana wa miaka ishirini aliyetobolewa utumbo na taifodi karatasi ileile ya mgonjwa wa presha.

Pingamizi la pili ni laini zaidi: mbona tuna ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji? Ipo kila zahanati, haina gharama kubwa, na nchi yetu imeizoea kwa miaka mingi. Ni kweli, na sayansi iliyoizaa ndiyo hiihii ninayoieleza. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Robert Crane alipendekeza kwamba utumbo huvuta sukari na sodiamu kwa pamoja, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wakiwa wameshikana mikono. Mlango huo uko kwenye sehemu ya juu ya utumbo, lile tenga, na haufungwi hata katika kipindupindu. Miaka minane baadaye, mjini Dhaka, ilithibitika kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kuokolewa kwa kinywaji cha chumvi na sukari. Mgonjwa wa ileostomi naye hupitia mlango huo. Tatizo ni kipimo. Pakiti ya awali ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1975, ilikuwa na sodiamu ya milimoli 90 kwa lita. Mwaka 2002 ilipunguzwa hadi 75, pamoja na sukari, kwa sababu nzuri kabisa: watoto wenye kuhara kwa kawaida walipungua kutapika na walihitaji dripu mara chache zaidi. Ila kwa mtu mwenye tenga, 90 ndiyo kizingiti. Chini ya hapo chumvi huanza kuvuja kurudi ndani ya utumbo. Mabadiliko yaliyomfaa mtoto yalimpunja mgonjwa wa upasuaji, na sioni kama kuna aliyekusudia. Hesabu ya kurekebisha ni fupi. Gramu moja ya chumvi ina milimoli 17 za sodiamu. Ukiiongeza kwenye lita moja ya ORS ya leo unapata 92. Gramu moja ni kama sehemu ya sita ya kijiko cha chai. Ni afadhali mfamasia aipime, aifunge kwenye karatasi na kuibandika pamoja na pakiti, kuliko kumwachia mama achote kwa vidole, maana vidole havilingani. Na hiyo ni ya mtu mzima tu. Chumvi iliyozidi inaweza kumuua mtoto, kwa hiyo kipimo cha mtoto ni cha daktari.

Hospitali ya St Mark's ya London, ambayo jina lake limeshikamana na matatizo ya utumbo, hutumia mchanganyiko unaofanana na ile pakiti ya zamani: kwa lita moja ya maji, gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za baikabonati. Vyote hivyo vinapatikana mjini Nachingwea. Glukosi ya unga inauzwa madukani, na baikabonati ni ile ya kuumulia keki. Si magadi, na nasisitiza kwa sababu majina haya huchanganyika kaunta: magadi ni kitu kingine na huchoma. Kinywaji hiki si kitamu. Kikiwekwa kwenye mtungi kikapoa, au kikakamuliwa ndimu kidogo, hunyweka, nacho hunywewa kidogokidogo kutwa nzima, huku maji matupu, chai na soda vikipunguzwa kwa yule ambaye mfuko wake unajaa kupita kiasi. Soda ina sukari nyingi isiyo na chumvi ya kuongozana nayo, kwa hiyo huvuta maji ndani ya utumbo badala ya kuyatoa. Madafu nayo, yanayosifiwa pwani yote kama dripu ya Mungu, yana potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri kwa aliyechoka na kibaya kwa kazi hii.

Jikoni pana msaada ambao duka la dawa halina. Uji ni kinywaji cha chumvi na sukari kinachojificha, kwa sababu wanga wa mahindi, mtama au muhogo huvunjwa kuwa glukosi polepole utumboni, ukaishika sodiamu mkono bila kuvuta maji kama sukari ya kikombeni. Uji mwepesi wa chumvi badala ya sukari, gramu 5 hivi kwa lita, unakaribia kile kizingiti cha 90. Bibi wa Kimwera aliyempikia mgonjwa uji wa chumvi alikuwa sahihi kabla ya Prague, ingawa mjukuu wake aliyesoma huenda alimkemea. Wali, ndizi na ugali hukifanya kinachotoka mfukoni kuwa kizito. Korosho za kukaanga kwa chumvi zinafaa baada ya wiki za mwanzo, zikitafunwa vizuri mno, kwani kipande kigumu kinaweza kukwama pale utumbo unapotokea nje.

Wasimamizi wa afya watauliza kama inafaa kuhangaika hivi kwa wagonjwa wachache, katika wilaya ambako maabara haina hakika ya kupima madini ya damu kila siku. Jibu la nusu ya kwanza ni kwamba mgonjwa huyu tayari amegharimu chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa na dawa za wiki mbili. Kumpoteza wiki ya tatu kwa kukosa chumvi ni hasara ambayo hata mhasibu anaweza kuiona. Jibu la nusu ya pili linashangaza kidogo: kipimo cha damu si msaada mkubwa kama tunavyodhani. Sodiamu ya damu hubaki ya kawaida kwa muda mrefu wakati mtu anakauka, kwa sababu maji na chumvi vinaondoka pamoja. Kinachosema ukweli mapema ni sodiamu ya mkojo. Ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, figo zinakwangua chungu. Na pasipo hata hiyo, ipo chupa ya maji ya lita moja na nusu. Inakatwa shingo, inachorwa mistari kwa kalamu ya wino mzito kila mililita 250, na mbili za namna hiyo huwekwa chooni: moja ya kinachotoka mfukoni, nyingine ya mkojo. Mkojo ukifika lita moja kwa siku, au karibu yake, mambo ni mazuri. Mfuko ukitoa zaidi ya lita moja na nusu huku mkojo ukirudi chini ya nusu lita, mgonjwa asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mizani ya uzito, ambayo hata zahanati ya kijiji inayo kwa ajili ya wajawazito, huongeza shahidi wa tatu: aliyepoteza kilo mbili kwa siku tatu hajakonda, amekauka. Upasuaji mwingi wa wilayani umefanywa kwa miongo mingi na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha miaka ya 1960. Waliweza kufundishwa kukata na kushona. Kufundishwa kusoma chupa mbili hakuwezi kuwashinda.

Iko siku moja ambayo karatasi ya kuruhusiwa haiitaji kabisa. Baada ya wiki kadhaa au miezi, tumbo likishapoa, mgonjwa hurudi na ncha mbili huunganishwa. Utumbo mpana uliokaa bila kazi huamka umezubaa. Siku za mwanzo mgonjwa huhara, na watu wa nyumbani huogopa kwamba upasuaji umeharibika, kumbe vijilango vinafunguka kimoja baada ya kingine. Choo kikishika, zile gramu 4 za kila siku hazitoki tena. Sasa uji wa chumvi uliomwokoa ni chumvi ya ziada kwa mtu mwenye utumbo mzima, naye ameshauzoesha ulimi kiasi cha kudai chumvi mezani kabla hajaonja mboga. Aliyempa ruhusa inabidi awepo siku hiyo kuifuta, kwa maandishi, kwenye karatasi ileile, na tarehe.